Henry Royce: Fundi wa winchi aliyejenga jina la Rolls-Royce

Na Mwandishi Wetu

UKITAJA Rolls-Royce mbele ya msafirishaji yeyote, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, hahitaji maelezo. Hata yule ambaye hajawahi kuliona kwa macho anajua kuwa ni gari la wafalme na matajiri. Wasilolijua wengi ni kwamba aliyelitengeneza alikuwa mtoto wa msagishaji nafaka aliyefilisika, aliuza magazeti mitaani, na kabla ya kugusa gari alikuwa akitengeneza winchi za kunyanyulia mizigo.

Mtu huyo ni Frederick Henry Royce. Maisha yake yanagusa swali ambalo kila mfanyabiashara wa mipakani analifahamu. Mshindani anapoingiza bidhaa ya bei ya chini, je, nawe ushushe ubora ili ubaki sokoni, au ushikilie ubora na kuhatarisha mtaji wako?

Utoto wa shida

Royce alizaliwa Machi 27, 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough, Uingereza. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto watano. Biashara ya kinu ya baba yake ilianguka, familia ikahamia London kutafuta maisha, na mwaka 1872 baba akafariki dunia. Henry alikuwa na miaka 9 tu.

Shule aliipata kwa mwaka mmoja hivi. Muda mwingine aliutumia kuuza magazeti na baadaye kupeleka telegramu majumbani. Shangazi yake alimwonea huruma akamlipia pauni 20 kwa mwaka ili awe mwanagenzi katika karakana za reli za Great Northern, Peterborough. Baada ya miaka mitatu fedha za shangazi zikaisha na mafunzo yakakatika kabla ya kumalizika.

Kijana huyo hakurudi mitaani. Alipata kibarua cha kutengeneza zana mjini Leeds, kisha akajiunga na kampuni ya umeme London, wakati umeme wenyewe ulikuwa bado kitu kigeni. Elimu ya ziada aliipata jioni, baada ya kazi.

Mtaji wa pauni 70

Mwaka 1884, akiwa na miaka 21, Royce alifungua karakana katika mtaa wa Cooke, Manchester. Yeye alitoa akiba yake ya pauni 20 na mshirika wake, Ernest Claremont, akaweka pauni 50. Walianza na vitu vidogo kama kengele za umeme za mlangoni na vishikio vya taa. Baadaye wakapanda hadi kwenye dainamo, na hatimaye winchi za umeme.

Winchi za Royce zilipata soko zuri kwa sababu zilidumu. Lakini baada ya vita vya Makaburu kumalizika mwaka 1902, biashara ilidorora, na winchi za bei nafuu kutoka Ujerumani na Marekani zikaingia Uingereza. Hapo ndipo swali tulilolitaja mwanzo lilipobisha hodi. Njia rahisi ilikuwa kutumia chuma hafifu na kupunguza bei. Royce alikataa kushusha kiwango, na kampuni ikaanza kuumia.

Badala ya kupigana vita vya bei, alitafuta bidhaa nyingine. Alikuwa amenunua gari la Kifaransa lililokwisha kutumika, aina ya Decauville. Halikumridhisha. Alilifungua, akachunguza kila kipande, kisha akaamua kutengeneza magari yake matatu ya silinda mbili. La kwanza lilitoka karakanani Aprili 1, 1904. Hakubuni gari jipya kabisa. Alichukua lililokuwepo na kulisahihisha sehemu moja baada ya nyingine.

Fundi akutana na muuzaji

Bidhaa nzuri isiyo na mtu wa kuiuza hubaki ghalani. London kulikuwa na kijana wa miaka 26, Charles Rolls, mtoto wa lodi, msomi wa Cambridge na mpenda mashindano. Alikuwa na duka la kuuza magari yaliyoagizwa kutoka nje, na alikuwa akitamani gari la Kiingereza ambalo angeweza kulisimamia bila aibu.

Rafiki wa pande zote mbili, Henry Edmunds, aliwakutanisha Mei 4, 1904 katika hoteli ya Midland, Manchester. Rolls hakuwa mpenzi wa injini za silinda mbili kwa sababu zilikuwa na mtikisiko. Alipolipanda gari la Royce alishangaa kwa utulivu wake. Desemba 23 mwaka huo walisaini mkataba: Royce atengeneze, Rolls achukue magari yote na kuyauza, na magari yaitwe Rolls-Royce.

Machi 1906 kampuni ya Rolls-Royce Limited ikaandikishwa. Hisa zilipouzwa kwa umma mwishoni mwa mwaka huo, fedha hazikufikia kiwango kilichotakiwa, na mpango mzima ulikuwa ukingoni kuvunjika. Aliyeuokoa ni tajiri wa Yorkshire, Arthur Briggs, aliyetoa pauni 10,000. Jina linaloonekana leo kama mwamba lilikaribia kuzama kwa kukosa mtaji.

Kilomita 24,000 mbele ya mashahidi

Mtu wa tatu katika habari hii hatajwi sana. Ni Claude Johnson, meneja wa kampuni, aliyewahi kuwa katibu wa chama cha wenye magari cha Uingereza. Johnson alielewa kuwa mnunuzi haamini maneno, huamini ushahidi. Mwaka 1907 alichukua gari jipya la Royce la silinda sita, akalipaka rangi ya fedha na kuliita Silver Ghost. Kisha akaliingiza katika majaribio chini ya wakaguzi wa chama hicho.

Gari lilipelekwa na kurudishwa kati ya London na Glasgow, usiku na mchana isipokuwa Jumapili. Mwanzoni, baada ya maili 629, lilisimama kwa sababu koki ya petroli ilijifunga kwa mtikisiko. Baada ya hapo lilikwenda maili 14,371 bila kusimama kwa hitilafu. Hizo ni zaidi ya kilomita 23,000, karibu sawa na kwenda na kurudi kati ya Mombasa na Kampala mara 10, katika barabara za wakati huo.

Lilipofika maili 15,000, sawa na kilomita 24,000, wakaguzi walilifungua lote na kupima uchakavu. Gharama ya vipuri vya kulirudisha katika hali ya upya ilikuwa pauni 2 na ushei. Kwa mwenye magari ya biashara, hesabu hiyo inasema mengi kuliko tangazo lolote.

Mwaka 1908 kampuni ilihamia kiwanda kipya mjini Derby, mji uliowavutia kwa umeme wa bei nafuu. Johnson aliwashauri waache aina nyingine zote na kutengeneza hiyo moja tu. Chasisi peke yake iliuzwa pauni 985. Bodi mteja alikwenda kuichongesha kwa mafundi wengine. Hadi lilipoachwa katika miaka ya 1920, zaidi ya magari 7,800 yalikuwa yametengenezwa Uingereza na Marekani.

Mlima uliowaaibisha

Sifa hiyo haikukosa majaribu. Mwaka 1912, katika mashindano ya milima ya Alps, Rolls-Royce ya mteja mmoja, James Radley, ilishindwa kupanda mlima wa Katschberg, Austria, ikiwa na abiria wake. Giaboksi yake ilikuwa na gia tatu, na gia ya kwanza haikuwa na nguvu ya kutosha. Kila dereva aliyepandisha Kitonga na mzigo mzito anaelewa aibu ile.

Kampuni ingeweza kumlaumu dereva. Badala yake ilirudi karakanani, ikatengeneza giaboksi ya gia nne na kurekebisha mengine. Mwaka 1913 magari yake yalirudi katika milima ile ile na kung'ara.

Uimara huo ulifika hata kwetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, magari ya deraya yaliyojengwa juu ya chasisi ya Silver Ghost yaliletwa Afrika Mashariki, na yalikuwa miongoni mwa vikosi vya Waingereza katika mapambano ya upande wa Kilimanjaro mwaka 1916. Ni ukanda ule ule ambao malori ya leo huupita kati ya Taveta na Holili.

Gharama ya kazi

Royce alilipa kwa mwili wake. Tangu ujanani alifanya kazi usiku kucha na kusahau kula, na mwaka 1911 afya yake ilianguka vibaya. Rolls alikuwa ameshafariki: Julai 12, 1910 ndege yake ilianguka Bournemouth, akiwa na miaka 32. Johnson aliona kuwa akimpoteza na Royce, kampuni imekwisha. Akamchukua fundi huyo hadi Misri na kusini mwa Ufaransa, na huko Le Canadel akamjengea nyumba ya kupumzikia.

Baada ya operesheni kubwa mwaka 1912, Royce hakurudi tena kufanya kazi katika kiwanda cha Derby. Alichora na kusahihisha akiwa Le Canadel na baadaye West Wittering, pwani ya kusini mwa Uingereza. Wahandisi wake walihamia karibu naye, na michoro ikasafirishwa Derby. Alisimamia kiwanda akiwa mbali kwa zaidi ya miaka 20.

Katika hali hiyo ya ugonjwa alibuni injini ya ndege ya Eagle. Injini mbili za aina hiyo ndizo zilizowavusha Alcock na Brown bahari ya Atlantiki bila kutua mwaka 1919. Mwaka 1930 alipewa heshima ya kuitwa Sir, ingawa mwenyewe aliendelea kujiita fundi tu.

Mwaka 1931, wakati wa mdororo wa uchumi, mshindani wao Bentley alifilisika. Rolls-Royce walimnunua kimyakimya kwa kupitia kampuni nyingine, kwa zaidi ya pauni 125,000. Utulivu wa gari lao haukuwazuia kuwa wakali sokoni.

Sir Henry Royce alifariki Aprili 22, 1933, akiwa na miaka 70. Miezi michache baadaye injini yake ya mwisho, iliyokuja kuitwa Merlin, iliwaka kwa mara ya kwanza. Ndiyo iliyoendesha ndege za Spitfire na Hurricane katika Vita Kuu ya Pili.

Jina likauzwa peke yake

Sifa njema si bima ya kila kitu. Februari 1971 kampuni ya Rolls-Royce ilianguka kwa gharama za kubuni injini ya ndege ya RB211, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua. Kitengo cha magari kilitenganishwa mwaka 1973.

Mwaka 1998 magari yalipouzwa, Volkswagen ya Ujerumani ililipa pauni milioni 430 na kupata kiwanda cha Crewe pamoja na Bentley. Lakini haki ya jina Rolls-Royce ilikuwa mikononi mwa kampuni ya injini za ndege, ambayo iliipa BMW kwa pauni milioni 40. Tangu mwaka 2003 magari hayo yanaundwa Goodwood, si mbali na West Wittering alikofia Royce.

Tazama hesabu hiyo kwa jicho la biashara. Kwa pauni milioni 40 BMW haikupata jengo, mashine wala mfanyakazi hata mmoja. Ilipata maneno mawili tu, na aliyeyapa thamani alikuwa amekufa miaka 65 kabla.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya Royce yanaongeza jambo moja: chema nacho huhitaji Briggs wa kutoa mtaji, Rolls wa kufungua soko na Johnson wa kuleta mashahidi. Aliyegoma kushusha ubora wa winchi hakuokolewa na msimamo wake pekee. Aliokolewa kwa sababu alibadili bidhaa bila kubadili kipimo, na akakubali kuwaachia wengine kazi asiyoiweza.