Hearst: bwana magazeti na meli iliyolipuka Havana

Wadau, leo tumzungumzie jamaa ambaye hakuwahi kuwa rais wala jenerali, lakini vita vya Marekani na Hispania vya 1898 vikitajwa jina lake halikosi. William Randolph Hearst.

Kazaliwa San Francisco 1863, mtoto pekee wa tajiri wa migodi, kwa hiyo mkwanja ulikuwepo tangu utotoni. Akapelekwa Harvard, akatimuliwa kwa utundu. Mzee wake alikuwa na gazeti, San Francisco Examiner, lililokuwa halilipi. 1887 kijana akaliomba, akapewa. Akalichangamsha kwelikweli: vichwa vikubwa, picha, mauaji, kashfa. Watu wakanunua.

1895 akaingia New York, akanunua New York Journal. Mbabe wa mji alikuwa Joseph Pulitzer na gazeti lake la World. Hearst akauza lake senti 1 tu, halafu akaanza kumnyang'anya Pulitzer waandishi na wachoraji kwa mishahara minono. Mmoja wao alichora katuni ya mtoto mwenye kanzu ya njano, ndiyo maana mpaka leo magazeti ya uchochezi huko kwao yanaitwa ya njano.

Sasa Cuba. Wacuba walikuwa wameasi dhidi ya Hispania mwaka huo huo wa 1895. Jenerali Weyler akawaswaga wanakijiji kwenye makambi, wakafa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa. Hilo halikutungwa, tuwe wakweli. Ila Hearst hakutosheka na ukweli uliokuwepo. Oktoba 1897 mwandishi wake, Karl Decker, alimtorosha binti wa Kicuba, Evangelina Cisneros, kutoka jela ya Havana, na gazeti likajipigia debe kwa siku kibao. Yaani gazeti lenyewe limegeuka kuwa habari!

Usiku wa 15 Februari 1898 meli ya kivita ya Marekani, Maine, ikalipuka bandarini Havana. Wakafa watu zaidi ya 260. Chanzo hakuna aliyekijua. Ndani ya siku mbili tu Journal lilishatoa hukumu kwamba ni kazi ya adui, likachapa na mchoro wa bomu chini ya meli, na likatangaza zawadi ya dola 50,000 kwa atakayewafichua wahusika. Mauzo yakapita nakala milioni moja kwa siku. Hebu jiweke kwenye viatu vya fundi cherehani wa New York, Cuba hujawahi kufika, unaushika ule mchoro mkononi. Ungeanza kuuliza maswali?

Machi, uchunguzi wa jeshi la maji ukasema bomu lilitoka nje ya meli, ila haukutaja nani kaliweka. Rais McKinley hakuwa na haraka ya vita. Aprili 25 Bunge likatangaza vita. Kufikia Desemba Hispania ilikuwa imepoteza Cuba, Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Wafilipino hawakuhusika kabisa na hiyo meli, lakini 1899 wakajikuta wanapigana na Marekani.

Wapo wanaombebesha Hearst lawama zote. Mimi hapo nabisha. Waliopiga kura ni wabunge, na wakubwa waliovitamani vile visiwa walikuwepo. Hata ile hadithi maarufu kwamba alimpelekea mchoraji Remington telegramu ya kuahidi kwamba vita atavileta yeye, telegramu yenyewe haijawahi kuonekana, na mwenyewe aliikana. Alichofanya ni kuwafanya watu waone kwamba anayesubiri uchunguzi ni mwoga.

Cha ajabu, Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, huyu huyu akapinga Marekani isiingie! 1916 Waingereza wakamkatalia kutumia nyaya zao za telegramu. Baadaye akajijengea kasri huko San Simeon, na 1941 Orson Welles alipotoa filamu ya Citizen Kane iliyomsema kwa mafumbo, akapiga marufuku isitajwe kwenye magazeti yake.

Akafa 14 Agosti 1951, ana miaka 88.

1976 Admirali Rickover na wataalamu wake wakapitia upya ushahidi wa Maine. Wakaona kuna uwezekano mkubwa kwamba makaa ya mawe yalishika moto humo humo melini, jirani na stoo ya baruti. Wapo wanaobishana nao mpaka leo. Hearst alishakaa kaburini miaka 25.