Abebe Bikila

Abebe Bikila (7 Agosti 1932 – 25 Oktoba 1973) alikuwa mwanajeshi na mwanariadha wa mbio za marathon kutoka nchini Ethiopia. Alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964, akawa mtu wa kwanza kushinda marathon ya Olimpiki mara mbili. Kwa desturi ya Ethiopia jina lake mwenyewe ni Abebe. Bikila ni jina la baba yake.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Jato, Shewa. Alikuwa na umri wa miaka mitatu Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, na familia yake ikalazimika kuhama. Alikua akichunga mifugo, kama watoto wengi wa nyanda za juu. Baadaye alijiunga na kikosi cha walinzi wa Kaisari Haile Selassie mjini Addis Ababa. Huko alianza kufundishwa riadha na Onni Niskanen, kocha kutoka Uswidi.

Roma 1960

Marathon ya Roma ilifanyika tarehe 10 Septemba 1960. Ili kuwaepusha wakimbiaji na joto la mchana, ilianza saa 11:30 jioni na kumalizika usiku. Katika barabara ya kale ya Via Appia, ambayo imetandikwa mawe, askari walisimama kandokando wakiwa na mienge ili wakimbiaji waone njia.

Abebe alikimbia pekupeku. Wengi husimulia kwamba hakuwa na viatu kwa sababu ya umaskini, lakini si kweli. Alinunua viatu vipya mjini Roma, vikambana na kumtoa malengelenge. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi akiwa na viatu na bila viatu, aliamua kuviacha. Mtu asiyezoea hangemaliza kilomita 42 juu ya mawe yale kwa nyayo tupu.

Alikuwa ameambiwa amchunge Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, aliyetarajiwa kuvaa namba 26. Rhadi, ambaye alikuwa amekimbia mita 10,000 siku mbili kabla, alivaa namba 185. Inasimuliwa kuwa Abebe aliendelea kumtafuta namba 26 mbele yake, kumbe mtu huyo anakimbia naye bega kwa bega! Kuanzia kilomita ya 20 hivi walibaki wawili tu.

Njia ilipita kwenye mnara wa Aksum, nguzo ya mawe ambayo jeshi la Mussolini liliichukua Ethiopia na kuisimamisha Roma mwaka 1937. Walipoukaribia mnara huo kwa mara ya pili, karibu na mwisho wa mbio, Abebe aliongeza kasi na kumwacha Rhadi. Alifika kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, sekunde 25 mbele ya mpinzani wake. Muda huo ulikuwa bora kuliko wote duniani wakati ule, na kwa ushindi huo alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Ushindi wa mlinzi wa Kaisari katika mji mkuu wa Italia, miaka 19 tu baada ya Waitalia kufukuzwa Addis Ababa, ulikuwa na uzito ambao Waethiopia hawakuhitaji kuelezwa.

Miezi mitatu baadaye, Desemba 1960, viongozi wa kikosi cha walinzi walijaribu kumpindua Kaisari. Abebe alikamatwa kwa muda mfupi, kisha akaachiwa.

Boston, Tokyo na Meksiko

Mwaka 1961 alishinda marathon za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alishiriki Boston Marathon, lakini baridi na vilima vilimshinda akawa wa tano. Katika marathon za kimataifa alizomaliza, hiyo ndiyo pekee aliyoshindwa.

Wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na wengi walidhani hatakimbia. Tarehe 21 Oktoba 1964 alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, safari hii akiwa na viatu. Wa pili, Basil Heatley wa Uingereza, alifika zaidi ya dakika nne baadaye. Wakati huo Abebe alikuwa uwanjani akinyoosha viungo.

Katika Olimpiki ya Jiji la Meksiko mwaka 1968 alikuwa na jeraha la mguu, akaacha mbio baada ya kilomita 17 hivi. Mwenzake Mamo Wolde alishinda. Ni marathon hiyohiyo ambayo Mtanzania John Stephen Akhwari aliimaliza wa mwisho, akichechemea na bandeji mguuni.

Ajali na kifo

Baada ya Tokyo, Kaisari alikuwa amempa Abebe gari aina ya Volkswagen. Tarehe 22 Machi 1969 gari hilo lilipinduka na uti wake wa mgongo ukaumia. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akatibiwa kwa miezi kadhaa. Mikono ilipata nguvu tena, lakini hakuweza kutembea tena. Hata hivyo hakuacha michezo: alishindana kwa upinde na katika tenisi ya meza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka 1971 nchini Norwei alishinda mbio za sleji ya kuvutwa na mbwa.

Alifariki Addis Ababa akiwa na umri wa miaka 41, kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Maelfu ya watu, pamoja na Kaisari, walihudhuria mazishi yake. Uwanja mmoja wa michezo mjini humo una jina lake.

Mnara wa Aksum ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005. Mwaka 2010, katika marathon ya Roma iliyoadhimisha miaka 50 ya ushindi wa Abebe, Mwethiopia Siraj Gena aliyekuwa akiongoza alivua viatu na kumaliza mita 300 za mwisho pekupeku.