Ian Donald

Ian Donald (27 Desemba 1910 – 19 Juni 1987) alikuwa daktari bingwa wa uzazi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa matumizi ya ultrasaundi katika kuchunguza wajawazito.

Maisha

Alizaliwa Liskeard, Cornwall, akasoma kwa miaka kadhaa huko Cape Town, Afrika Kusini. Alirudi Uingereza akahitimu udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mganga katika jeshi la anga, akapewa nishani kwa kuwaokoa wanajeshi kutoka ndege iliyowaka moto. Kuanzia 1954 hadi 1976 alikuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti.

Ultrasaundi

Julai 1955 alipeleka vivimbe vilivyotolewa kwa upasuaji kwenye kiwanda kimoja karibu na Glasgow, kilichotumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Aliona kwamba uvimbe wenye majimaji hurudisha mwangwi tofauti na ule wa uvimbe mgumu. Pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar alitengeneza mashine ya hospitali.

Madaktari wengi walikuwa na shaka, mpaka ilipopimwa mama mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ilionyesha uvimbe wa majimaji kwenye ovari, alipasuliwa, akapona. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1958.

Uchunguzi wa ubongo wa kijusi

Miaka ya 1960 timu ya Glasgow ilianza kupima upana wa kichwa cha mtoto aliye tumboni. Mwaka 1972 Stuart Campbell, aliyewahi kufanya kazi Glasgow, aliandika pamoja na wenzake jinsi walivyotambua mapema kijusi kisicho na sehemu kubwa ya ubongo.

Leo ultrasaundi hugundua hata uvimbe wa ubongo kabla ya kuzaliwa, ingawa ni nadra sana. Dalili zake ni kama kichwa kikubwa kupita kiasi au maji kujaa kichwani. Mara nyingi huonekana katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, hata kama kipimo cha awali kilikuwa cha kawaida. Kwa kawaida huchunguzwa zaidi kwa picha za MRI.

Msimamo wake

Donald alikuwa Mkristo aliyepinga sheria ya 1967 iliyoruhusu utoaji mimba Uingereza. Hata hivyo, kifaa alichokianzisha kilikuja kutumika pia katika kuamua kama mimba yenye kasoro iendelee.

Aliugua moyo kwa miaka mingi, akafariki Essex, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 76.