Okot p'Bitek: Malenga wa Gulu aliyepata sauti ng'ambo ya mpaka

Wakazi wa Burumba na mitaa mingine ya mji wa Busia hawahitaji kuelezwa maana ya mpaka. Wasamia wana jamaa pande zote mbili za mstari uliochorwa na wakoloni, na kaskazini kidogo, huko Malaba, Wateso wamegawanywa vivyo hivyo. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote, kuelekea mashariki hadi Naivasha, lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ukivuka Malaba na kuingia Tororo unawakuta Wapadhola, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo kinachozungumzwa Kisumu na ya Kiacholi kinachozungumzwa Gulu.

Okot p'Bitek aliishi na kufanya kazi katika mnyororo huo wa lugha. Yeye ni mmoja wa watunzi mashuhuri zaidi waliowahi kutokea Afrika Mashariki. Utenzi uliomletea sifa aliutunga kwa Kiacholi, lakini ulipigwa chapa Nairobi. Tamasha la utamaduni alilolisimamia Gulu lilipata pacha wake Kisumu. Na serikali ya nchi yake ilipomtema, Kenya ndiyo iliyompa kazi na makao kwa sehemu kubwa ya miaka iliyomsalia.

Okot alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu na msimulizi hodari wa hadithi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtungaji wa nyimbo, na ni kwake ambako mwanawe alisikia kwa mara ya kwanza mengi ya yale ambayo baadaye wasomi wa vyuo vikuu waliyaita fasihi simulizi. Herufi inayotangulia jina la Bitek, ambayo huwatatiza wasomaji wengi, ni ufupisho wa neno la Kiacholi lenye maana ya "wa"; basi huyu ni Okot wa Bitek.

Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo, shule iliyo karibu na Kampala na ambayo ilijulikana kwa kuwalea watoto wa wakubwa. Akiwa huko alitunga na kuongoza mchezo wa kuimbwa ulioitwa Acan. Baada ya kupata mafunzo ya ualimu Mbarara, alirudi kufundisha katika Shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu, ambako pia aliongoza kwaya. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo. Riwaya hiyo inasimulia habari za Okeca Ladwong, kijana maskini anayekwenda kusini kutafuta mahari, akafanya kazi katika mashamba ya miwa, kisha akaibiwa njiani alipokuwa akirudi, hata akafika nyumbani mikono mitupu. Maelfu ya vijana wa kaskazini mwa Uganda na wa magharibi mwa Kenya waliijua safari hiyo bila ya kuisoma kitabuni.

Hata hivyo, nje ya Acholi Okot alijulikana kwanza kwa miguu, si kwa kalamu. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda ya Uganda, na mwaka 1956 alisafiri nayo kwenda Uingereza kwa michuano ya kirafiki. Waingereza walistaajabu kuona baadhi ya wachezaji hao wakisakata mpira bila viatu. Timu ilipofunga virago kurudi nyumbani, Okot alibaki kusoma. Alipata stashahada ya ualimu mjini Bristol, akasomea sheria Aberystwyth, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea elimu ya jamii na mila za watu.

Oxford ndiko alikokasirika. Wahadhiri wake walikuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia katika taaluma hiyo, lakini aliwasikia wakiwataja watu wa kwao kwa maneno ya dharau, kana kwamba ni washenzi wa kuchunguzwa. Alilalamika, na malalamiko yake hayakusikilizwa. Mwaka 1963 alimaliza shahada kwa utafiti juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, lakini tasnifu yake ya uzamivu kuhusu dini ya Waluo wa kati haikukubaliwa. Utafiti huo hakuutupa. Mwaka 1971 ulitoka kama kitabu mjini Nairobi, ukitanguliwa na kingine kilichowashambulia wazi wasomi wa Ulaya na, kwa ukali uleule, wanatheolojia Waafrika waliotaka kumvika Mungu wa wazee wao kanzu ya kigeni.

Kisa kimoja alichopenda kukieleza kinaonyesha jinsi alivyofikiri. Mapadri wa Kitaliano waliofika Acholi mwanzoni mwa karne ya 20 walitaka kujua jina la Muumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na neno lililolingana na kuumba kwa maana ya Biblia, waliwauliza wazee ni nani aliyewafinyanga. Wazee walishangaa, kwa sababu walijua kuwa walizaliwa na mama zao. Waliposhikiliwa sana wajibu, walikumbuka kwamba mtu akipata ugonjwa wa uti wa mgongo na kuota kibiongo, husemwa kuwa amefinyangwa na pepo aitwaye Rubanga. Mapadri wakaandika jina hilo, na tangu hapo Wakatoliki wa Acholi wakawa wanamwomba Mungu kwa jina la pepo mwenye kuvunja migongo. Okot alikitumia kisa hicho kwa kicheko, lakini hoja yake ilikuwa nzito: kwamba anayeuliza swali lisilo na maana katika lugha ya watu hupata jibu alilojitungia mwenyewe.

Aliporejea Uganda iliyokwisha kupata uhuru, alifanya kazi Gulu katika idara ya elimu ya watu wazima ya Chuo cha Makerere. Huko alisimamia tamasha ambalo wacheza ngoma, wapiga zeze na wasimulizi wa vijijini walikuwa wageni wa heshima. Wakati huo alikuwa akiurudia utenzi ambao rasimu yake ya kwanza aliiandika katika miaka ya 1950 na wachapishaji wakaukataa. Alipoifasiri kwa Kiingereza sehemu yake na ikasomwa katika mkutano wa waandishi Nairobi, wasikilizaji waliishangilia. Mwaka 1966 kampuni ya East African Publishing House ya Nairobi ilikitoa kitabu kizima chini ya jina la Song of Lawino. Toleo la Kiacholi, Wer pa Lawino, lilisubiri hadi 1969, jambo ambalo lenyewe linasema mengi kuhusu hali ya lugha zetu.

Lawino ni mke wa kijijini asiyejua kusoma. Mumewe, Ocol, amesoma, na sasa anamwona mkewe kuwa ni aibu. Amempata Clementine, msichana anayejipaka poda na rangi ya midomo na anayejinyima chakula ili awe mwembamba kama Wazungu. Katika sehemu 13 Lawino anawalalamikia watu wa ukoo wake, akipitia kila kitu ambacho Ocol anakidharau: ngoma, mapishi, mitindo ya nywele, majina ya watoto, dawa za mitishamba, hata namna ya kuhesabu wakati. Jiko la umeme linamtia hofu. Saa ya ukutani anaiona kama kitu kinachomtawala mumewe. Na akifika kwenye siasa, kicheko kinakauka. Anaeleza jinsi uhuru ulivyomfanya Ocol asipatane na ndugu yake wa tumbo moja kwa kuwa wako vyama tofauti, huku maskini wakibaki walipokuwa.

Nguvu ya kitabu hicho ni kwamba Lawino hawakatazi wengine kuishi wapendavyo. Anachodai ni kwamba mila za wageni ziachiwe wageni, na za kwao zisikatwe mizizi. Methali ya Kiacholi kuhusu boga lililoota katika mahame, ambayo anairudia mara kwa mara, imekuwa maarufu kuliko methali nyingine yoyote ya kaskazini mwa Uganda. Wapo waliomshutumu Okot kwamba anataka Waafrika warudi nyuma, na wapo waliosema kuwa Lawino ni mwanamume aliyevaa gauni. Shutuma ya pili ina uzito wake. Lakini hakuna aliyeweza kukanusha kwamba kabla yake mwanamke wa kijijini hakuwahi kupewa nafasi ya kusema kwa kirefu namna hiyo katika kitabu kilichochapwa Afrika Mashariki. Watunzi wengine walimfuata upesi, wakiwemo Okello Oculi na Joseph Buruga wa Uganda. Mwaka 1975 kilitoka kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, kwa tafsiri ya Mtanzania Paul Sozigwa.

Mwaka huohuo wa 1966 Okot alikabidhiwa uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda pamoja na ukumbi wake wa maonyesho mjini Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959. Hadi wakati huo ukumbi huo ulikuwa zaidi mahali pa Wazungu na Waasia kutazamia michezo ya kwao. Yeye aliwafungulia milango wacheza ngoma kutoka mikoani. Lakini kazi hiyo haikudumu. Alisafiri kwenda Zambia, na huko aliikosoa hadharani serikali ya Milton Obote. Alipoteza wadhifa wake, akaona kuwa nyumbani hapakaliki. Ikumbukwe kuwa Obote mwenyewe alitoka kaskazini, Lango, jirani kabisa na Acholi. Okot hakufukuzwa na watu wa mbali.

Alivuka kuingia Kenya na kufikia Kisumu, mji ambao msafiri aliyekwisha vuka Busia huufikia kwa saa chache. Kazi yake ilikuwa katika idara ya elimu ya watu wazima ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuwa mgeni sana: Kijaluo na Kiacholi vina maneno mengi ya pamoja, na nyimbo za maombolezo za Nyanza hazikumhitaji mkalimani. Desemba 1968 aliandaa Tamasha la Sanaa la Kisumu, akifanya kando ya ziwa kile alichokuwa amekifanya Gulu. Miezi hiyohiyo, Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wakitaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Okot alikuwa upande wao, na baadaye alihamia Nairobi, akawa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika na mhadhiri.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Kwa Okot hilo halikufungua njia ya kurudi, bali liliifunga zaidi, kwa kuwa Waacholi na Walango jeshini walianza kuuawa kambini mwao. Mwaka huohuo alitoa Song of Prisoner, sauti ya mfungwa aliyepigwa na kufungwa kamba katika nchi huru, anayesikia njaa ya watoto wake ukutani mwa selo. Hakuitaja nchi. Wasomaji wa Kenya, waliokuwa wamemzika Tom Mboya mwaka 1969 na kuona damu ikimwagika Kisumu Oktoba ya mwaka huo, waliweza kusoma humo habari zao wenyewe. Kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Ni kazi yake yenye giza zaidi, na pengine ndiyo bora zaidi, ingawa haisomwi kama Lawino.

Mwaka 1976 Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, na mpaka wa Busia na Malaba ukawa mahali pa hofu. Mwaka uliofuata Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa ukumbi uleule ambao Okot aliwahi kuuongoza Kampala, aliuawa na watu wa serikali baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos. Okot alikuwa Nairobi akifundisha, akibishana na wanafunzi darasani na kwenye vilabu, na akikusanya. Horn of My Love, mkusanyo wake wa nyimbo za Kiacholi, ulitoka mwaka 1974, na hadithi za wanyama katika Hare and Hornbill mwaka 1978. Mwaka huo wa 1978 alikwenda Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria.

Amin alipokwisha kuangushwa mwaka 1979, Okot hakurudi mara moja. Alirejea Uganda mwaka 1982, Obote akiwa tena madarakani, na Makerere ikampa kiti cha kwanza cha uprofesa wa utunzi wa fasihi. Miezi michache baadaye, Julai 20, 1982, alifariki Kampala kwa ugonjwa wa kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 51. Insha zake za mwisho, ambamo anadai kuwa msanii ndiye mtawala halisi wa jamii kwa kuwa ndiye anayetunga kanuni watu wanazoishi nazo, zilichapishwa mwaka 1986. Riwaya yake ya ujanani ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 2001 Taban lo Liyong alitoa tafsiri mpya ya Wer pa Lawino, akiamini kuwa ile ya Okot mwenyewe ilikuwa imeacha mengi ya Kiacholi njiani.

Binti zake wawili waliendeleza utunzi. Jane Okot p'Bitek alitoa Song of Farewell mwaka 1994. Mdogo wake, Juliane Okot Bitek, aliyezaliwa Kenya, alitoa mwaka 2016 diwani ya mashairi 100 kuhusu siku 100 za mauaji ya Rwanda.