Rudolf Diesel, Aliyewasha Moto kwa Hewa

Jina la mtu huyu hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta, tangu Mombasa mpaka Goma, na wengi walitajao hawajui kuwa ni jina la mtu. Dereva ataka dizeli, mwenye mashine ya kusaga alia kuwa dizeli imekwisha, nasi hapa shuleni, umeme ukikatika wakati wa masomo ya jioni, twangoja dizeli ingurume nyuma ya jiko. Nimeona niandike habari za maisha yake kwa kuwa wenzangu wawili, tena wa darasa la sayansi, walinihakikishia kwamba Diesel ni mji wa Ujerumani. Si mji. Alikuwa mtoto wa fundi wa ngozi.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia Ufaransa kutafuta maisha. Baba alijalidi vitabu na kushona vitu vya ngozi, kazi isiyompa fedha nyingi, na mtoto ndiye aliyesukuma mkokoteni barabarani kuwapelekea wanunuzi mizigo yao. Alipopata nafasi aliingia katika jumba la makumbusho lenye mitambo ya kale, akasimama kuitazama na kuichora.

Mwaka wa 1870, akiwa na miaka 12, vita vikazuka baina ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani wakafukuzwa Paris. Jamaa ile ikakimbilia London, na huko mambo yakawa magumu. Basi Rudolf akatumwa Augsburg, Ujerumani, akae kwa ndugu wa baba yake ambao bwana wa nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Wale miongoni mwetu waliotolewa kwao wakiwa wadogo ili wakae kwa mjomba karibu na shule hawahitaji kuelezwa safari ile ilikuwaje. Alisoma kwa bidii, akawa wa kwanza, na mwaka wa 1875 akapata msaada wa ada kuingia chuo cha ufundi cha Munich.

Huko alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Siku moja profesa aliwaeleza wanafunzi kwamba katika kila sehemu 100 za joto la makaa, mashine ya mvuke hugeuza sehemu 6 mpaka 10 tu kuwa kazi; zote zilizobaki hupotea. Wanafunzi wengine waliandika maneno hayo ili wajibu mtihani. Diesel hakuyasahau tena maisha yake yote.

Mwaka wa 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Wakati wa kungoja mtihani mwingine akaenda kufanya kazi ya mikono katika karakana ya Sulzer, mjini Winterthur, Uswisi. Naomba msomaji aukumbuke mji huo. Mwaka wa 1880 akafanya mtihani na kufaulu kwa heshima kubwa, kisha Linde akampeleka Paris kwenye kiwanda cha barafu. Mwaka wa 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Mchana alishughulika na barafu, na saa zilizobaki alishughulika na moto. Alijaribu injini ya kutumia mvuke wa amonia. Ikapasuka, ikamlaza hospitali miezi mingi na kumwachia udhaifu wa mwili.

Hatimaye wazo lake likakomaa. Kila aliyepata kujaza upepo tairi la baiskeli ajua kuwa pampu hupata moto mkononi, maana hewa ikibanwa hupata joto. Diesel akajiuliza: je, hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, mpaka ikawa na joto la kuyawasha mafuta yenyewe, pana haja gani ya kiberiti? Aliomba hati ya haki ya uvumbuzi mwaka wa 1892, akaipata mwaka wa 1893, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha kueleza mpango wake. Alitumaini kuwa injini hiyo itaweza kuwa ndogo, ili maseremala, wafumaji na mafundi kama baba yake waimudu, wasimezwe na viwanda vikubwa vyenye mashine za mvuke.

Kiwanda cha mitambo cha Augsburg kilikubali kumpa chumba na mafundi, na kampuni ya Krupp ikatoa fedha. Tarehe 10 Agosti 1893 wakatia mafuta ndani ya silinda kwa mara ya kwanza. Mafuta yaliwaka, ndiyo, lakini kipimo cha mkandamizo kikapasuka, vipande vikaruka karibu na vichwa vyao. Diesel alifurahi hata hivyo, kwa kuwa moto ulikuwa umewaka bila kiberiti. Tena mwanzoni alidhani injini yake haitahitaji kupozwa kwa maji, kwa sababu kupoza ni kutupa joto, naye alikuwa adui wa kutupa joto. Chuma kilimkatalia, ikabidi silinda izungushiwe maji.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilikuwa ikizungushwa kwa ukanda kutoka mashine nyingine. Mara fundi mmoja akaona ukanda unavutwa upande wa pili: injini ilikuwa inauvuta ukanda, si ukanda kuivuta injini. Husimuliwa kwamba fundi yule alivua kofia yake bila kusema neno. Injini ilikwenda dakika moja hivi. Ilichukua miaka mitatu zaidi ya kuvunja na kuunda upya, mpaka siku kama ile mwaka wa 1897, ndipo Profesa Moritz Schröter akaipima mbele ya watu. Katika kila sehemu 100 za joto, injini iligeuza sehemu 26 kuwa kazi. Hapakuwa na mtambo mwingine wa joto uliofikia hapo.

Katika miaka hiyo ya kuvunja na kuunda kuna jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami ndilo lililonivuta kuandika. Mwaka wa 1896 Diesel alijaribu kuilisha injini hewa kwa nguvu. Aliufanya upande wa chini wa pistoni uwe pampu, ukasukuma hewa katika tangi, na kutoka tangini hewa ikaingia silinda ikiwa imebanwa tayari. Nguvu iliongezeka. Lakini injini ikala mafuta zaidi kwa kila kipimo cha kazi, naye hakuwa akitafuta nguvu ya bure bali injini isiyopoteza. Akaung'oa mpango huo, akaurudia ule wa hewa ya kawaida.

Wako wasemao kuwa hapo alitupa dhahabu. Mimi simlaumu. Shida zilikuwa mbili, na moja ingetosha kumshinda. Kwanza, pampu ile iliendeshwa na injini yenyewe, ikawa kama mtu anayejikopa mwenyewe. Pili, hewa ikibanwa hupata joto, na hewa ya joto hutanuka, hata katika nafasi ileile huingia hewa kidogo kuliko ulivyotumaini.

Shida ya kwanza ilitatuliwa na mtu wa Winterthur, mji uleule ambako Diesel alifanya kazi ya mikono. Alfred Büchi alizaliwa huko mwaka huohuo wa 1879. Mwaka wa 1905 alipata hati ya mpango wa kutumia moshi unaotoka katika injini: moshi uzungushe gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine la kusukuma hewa. Moshi ulikuwa ukitupwa bure, basi hapakuwa na kujikopa tena. Ndiyo turbo tunayoijua. Ilimchukua miaka 20 hivi kuwaridhisha watu, mpaka katika miaka ya 1920 meli mbili za Kijerumani zilipofungwa mitambo yake, na injini zilizokuwa na nguvu za farasi 1,750 zikatoa 2,500.

Shida ya pili ndiyo kazi ya kile chombo ambacho mafundi wetu hukiita intakula. (Jina lasikika kama cha kula, lakini hakili chochote.) Likizo ya Agosti gari la misheni, ambalo lina dizeli na turbo lakini halikuwa na chombo hiki, liliwekewa kimoja, nami nilikuwa mshika spana. Gari hilo hupanda Kanaba kwenda Kisoro likiwa na magunia ya maharage, na huko juu hewa ni nyembamba. Fundi alikifunga mbele ya rejeta, akaacha nafasi baina yao ili upepo upite na rejeta isinyimwe. Bomba moja latoka katika turbo kuingia humo, la pili latoka humo kwenda katika injini. Kila kiungo alikikaza kwa mpira mnene na kikazio cha chuma, kisha akatia upepo na kupaka povu la sabuni kutafuta panapovuja, maana hewa ikivuja njiani kazi yote ni bure.

Tuliporudi kutoka kulijaribu kilimani, bomba la kuingia lilichoma vidole. La kutokea nililishika kwa kiganja. Turbo ikiibana hewa mara mbili, hewa iliyoingia ikiwa na digrii 25 hutoka imepita 100. Ikipozwa mpaka 50, uzito wake katika nafasi ileile huongezeka karibu sehemu moja ya tano. Niliuliza kwa nini gari halikuruka kama nilivyotarajia. Fundi akanieleza kuwa hewa peke yake haileti nguvu nyingi mpaka pampu ya mafuta iongezwe kidogo, tena kwa hadhari, na kwamba faida ya kwanza ni nyingine: mafuta huungua vizuri, moshi mweusi hupungua, na pistoni haziteswi na joto. Hayo ni maneno ambayo Bwana Diesel angependa kuyasikia.

Nimetangulia mbele ya habari, turudi kwake. Baada ya mwaka wa 1897 fedha zilimjia kwa wingi. Mmarekani Adolphus Busch alinunua haki za nchi yake kwa marki milioni moja. Diesel akajenga nyumba ya fahari Munich. Lakini injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mikononi mwa watu wasiozijua, wapinzani wakamshitaki juu ya hati zake, na kichwa chake kikachoka hata akawekwa katika nyumba ya wagonjwa mwaka wa 1898. Katika kununua ardhi na mambo mengine ya biashara alipoteza fedha nyingi. Alijua kuihesabu hewa kuliko alivyojua kuzihesabu fedha.

Sisi Waafrika tuna sababu ya kuukumbuka mwaka wa 1900. Katika maonyesho makubwa ya Paris injini moja ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio lile, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilistawi. Ilikwenda vizuri hata wapitao hawakutambua tofauti. Diesel alilishika jambo hilo, na mwaka wa 1912 alikuwa bado akieleza kwamba mafuta ya mimea yaweza siku moja kuwa na maana kubwa. Mwaka huo meli Selandia ya Denmark ilianza kuvuka bahari kuu kwa injini za dizeli. Injini aliyoitumainia kwa maseremala ilikuwa imekwenda kwa wenye meli.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden mjini Antwerp kwenda Uingereza, ambako alitazamiwa katika mambo ya kiwanda kipya cha injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, wakatembea juu ya meli, akaagiza aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu na kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa karibu na ukingo wa meli. Wengine walisema aliuawa kwa ajili ya siri za injini. Wengi walioyajua madeni yake waliamini kuwa alijitupa baharini, na katika kijitabu chake cha tarehe palikuwa na alama ya msalaba penye siku ile. Haikuthibitishwa mpaka leo.

Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti majini. Bahari ilikuwa imechafuka. Wakatoa vitu vilivyokuwa mifukoni, wakaurudisha mwili majini. Kulikuwa na kikopo cha vidonge, kisu kidogo na kifuko cha miwani. Mwanawe Eugen aliitwa Uholanzi kuvitazama, akavitambua kuwa vya baba yake.