Aliyepata Njia Fupi Bila Kalamu

Wakati unasubiri adhana ya Magharibi, kaa nasi kidogo tukusimulie maisha ya mtu ambaye kila mwanafunzi wa kompyuta duniani anamjua kwa jina. Wewe pia unanufaika na kazi yake kila ukishika simu, pengine bila kujua.

Hebu fikiri. Uko hapa Magwagwa, unamtumia nduguyo aliye Nairobi picha ya sinia la futari. Picha ile inakatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinapita mtambo baada ya mtambo. Njia ni nyingi. Nani anakionyesha kipande njia iliyo fupi? Jibu lake lina mwenyewe, naye ni Edsger Dijkstra.

Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia na mama yake mwanahisabati. Kijana huyu alitaka kusomea sheria ili aitumikie nchi yake Umoja wa Mataifa, lakini alama zake za hisabati na sayansi zilikuwa za juu mno, akashauriwa abadilishe nia. Akaenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma hisabati na fizikia. Mwaka 1951 akahudhuria kozi fupi ya programu za kompyuta kule Cambridge, Uingereza, na mwaka 1952 akaanza kazi katika Kituo cha Hisabati, Amsterdam.

Sasa msomaji, hapa ndipo mtihani wake ulipo. Enzi hizo kuandika programu haikuwa kazi ya kuheshimika. Dijkstra alijiuliza: nikiacha fizikia, watu wataniona mtu wa maana kweli? Mkubwa wake alimpa moyo kwamba fani bado ni changa na huenda yeye mwenyewe ndiye atakayeipa heshima. Basi akachagua. Lakini alipofunga ndoa mwaka 1957 na kuandika kwamba kazi yake ni mwandishi wa programu, maofisa wa mji walikataa, manake kwao kazi kama hiyo haikuwepo. Ikabidi aandikwe mwanafizikia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1956, kituo chao kilikuwa na kompyuta mpya iitwayo ARMAC, wakataka kuionyesha kwa watu wa kawaida. Dijkstra alitafuta swali ambalo hata asiyesoma hisabati atalielewa: njia fupi kutoka mji mmoja hadi mwingine ni ipi? Siku moja alikuwa madukani na mchumba wake. Walipochoka wakakaa mkahawani kunywa kahawa, na hapo, kwa dakika kama 20, akaipata njia ya kutatua swali hilo kichwani, bila kalamu wala karatasi. Katika maonyesho walitumia ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Makala yake ilichapishwa mwaka 1959, kurasa tatu tu!

Yenyewe inafanyaje kazi? Tuijaribu kwa safari ya Magwagwa hadi Nairobi. Masaa haya ni ya mfano tu, usiende kugombana na dereva wa matatu. Tuseme Kisii ni saa 1, Kericho masaa 2. Kisii ndiyo ya karibu, basi ifunge kwa 1. Kutoka Kisii kwenda Narok ni masaa 4, kwa hiyo iandikie Narok 5. Inayofuata kwa ukaribu ni Kericho, ifunge kwa 2. Kericho hadi Nakuru ni 2, kwa hiyo Nakuru ni 4, nayo ifunge. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni 3, iandikie Nairobi 7. Sasa funga Narok kwa 5. Narok hadi Nairobi ni 3, jumla 8. Nane si bora kuliko saba, iache. Nairobi inabaki 7, na njia ni ya Kericho na Nakuru.

Umeona siri yake? Kila mara unachukua mji ulio karibu zaidi kati ya ambayo haijafungwa. Ukishaufunga huna haja ya kuurudia, kwa sababu njia nyingine yoyote ingepitia mji ulio mbali zaidi, na hakuna barabara inayokurudishia masaa uliyokwisha tumia.

Kanuni ya hatua kwa hatua namna hii inaitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Elimu hupokezanwa, ndugu yangu.

Kuanzia mwaka 1989 kanuni ya Dijkstra iliingizwa katika utaratibu unaoitwa OSPF. Ndani ya mtandao wa kampuni au chuo, kila ruta hushika ramani ya mtandao mzima na kupiga hesabu ile ile. Waya ukikatika, ruta zinaambiana na kupiga hesabu upya. Baina ya kampuni na kampuni hutumika utaratibu mwingine, kwa vile mikataba huingia kati.

Dijkstra alipata Tuzo ya Turing mwaka 1972, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, kuanzia 1984 hadi 1999. Aliacha maandishi zaidi ya 1,300, mengi aliyaandika kwa mkono kwa kalamu ya wino. Alifariki Nuenen, Uholanzi, tarehe 6 Agosti 2002, akiwa na miaka 72.

Ewe kijana unayesema shule yetu haina kompyuta kwa hiyo fani hii si yangu, umesikia? Kurasa zile tatu zilianzia kwenye kikombe cha kahawa. Leo baada ya tarawehe chukua daftari, chora nyumbani, msikiti, shule na soko, andika dakika za kila njia, kisha ufunge moja baada ya nyingine. Ukimaliza, mfundishe mdogo wako.