Lorenzo Ghiberti, Fundi wa Mlango wa Paradiso

Mjini Firenze, katika nchi ya Italia, ipo nyumba ya kale ya kubatizia, iliyowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Fundi aliyeifanyizia milango miwili ya shaba nyeusi ni Lorenzo Ghiberti, aliyezaliwa karibu mwaka 1378. Baba yake wa kambo alikuwa mfua dhahabu, naye ndiye aliyemfundisha kazi.

Mwaka 1401 yalitangazwa mashindano: kila fundi afanyize kwa shaba sanamu ya Abrahamu akimtoa mwanawe Isaka. Mafundi saba walishindana, na Ghiberti akapata kazi. Mlango huo ulimchukua miaka zaidi ya 20, ukasimamishwa mwaka 1424. Mwaka uliofuata akapewa mlango mwingine, wenye picha 10 za Agano la Kale.

Karibu mwaka 1437 picha hizo zote zilikuwa zimekwisha kumiminwa. Lakini mlango ulikamilika mwaka 1452 tu. Kwa nini? Kwa sababu shaba hutoka katika kalibu ikiwa na makovu na kingo kali. Yapasa kuikata kwa patasi, kuilainisha kwa tupa, na kuzichonga nyuso na nywele moja moja. Mwanawe Vittorio alimsaidia.

Mwishowe ikaja dhahabu. Ilichanganywa na zebaki hata ikawa laini kama siagi, ikapakwa juu ya shaba, ikatiwa moto. Zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki imeshikamana na shaba. Mvuke huo ni sumu: mafundi wengi wa kazi hiyo walitetemeka mikono, wakafa kabla ya uzee. Anayeusifu mng'ao, awakumbuke na hao wasiotajwa majina.

Ghiberti alifariki mwaka 1455. Yasimuliwa kwamba Michelangelo ndiye aliyeuita mlango ule wa pili Mlango wa Paradiso. Baadaye uchafu wa miaka mingi uliufunika, hata watu wakaudhani ni shaba tupu. Uliposafishwa baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, dhahabu ilionekana tena. Mwaka 1966 mafuriko ya mto Arno yaling'oa baadhi ya picha. Ukatengenezwa kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2012 waonyeshwa katika makumbusho ya kanisa kuu.

Basi, vijana mnaojifunza ufundi, msiharakishe kazi ya mwisho. Uchafu uliificha dhahabu ile kwa miaka mingi, lakini mikono yenye saburi ilikuwa imeitengenezea mahali pa kushika.